Gari Lililolala Nyuma ya Nyumba: Mwongozo wa Kurudisha Hamu ya Kuliunda

Kuku ndiye aliyenishtua. Nilikwenda nyuma ya nyumba kutafuta beleshi, nikasikia mguno ndani ya gari langu. Nilipofunua turubai nikamkuta tetea ameketi pale ambapo kanyagio la klachi lingekuwa, amelalia mayai saba juu ya gunia, ananitazama kama mwenye nyumba anayemtazama mgeni asiyebisha hodi. Nikahesabu miezi kwa vidole. Kumi na minne tangu nishike spana mara ya mwisho.

Gari lenyewe ni dogo, la wazi, viti viwili. Fremu ni ya bomba za mraba za milimita 25, na injini ni ya Corolla ile tunayoiita Kikumi, imehamishwa pamoja na gia boksi yake hadi nyuma ya viti. Naishi Tororo, mashariki mwa Uganda. Nilikulia Rubongi, kambi ya jeshi, mahali ambapo mtoto hucheza, hugombana na huapa kwa Kiswahili kabla hajajua lugha ya babu yake vizuri, ndiyo maana naandika hivi. Si mhandisi. Naunda gari kwa sababu napenda, na kwa miezi hiyo kumi na minne niliamini kwamba kupenda kwenyewe kumeisha.

Sivyo ilivyokuwa. Nilichogundua baadaye, na ndicho kinachobeba mwongozo huu wote, ni kwamba hamu huwa haipotei kwenye gari zima. Hupotelea kwenye kazi moja. Kuna kazi moja iliyokukimbiza, ukakimbia gari lote kwa sababu yake, halafu ukajiambia umechoka.

Hatua ya kwanza: nenda mikono mitupu

Siku ya kwanza ya kurudi usiende na spana. Nenda na kalamu, daftari na kigoda. Ukienda na vifaa utaanza kufungua kitu, kitagoma, utaondoka na hasira, na miezi mingine sita itapita.

Toa turubai lote, si pembe moja. Angalia kwanza waliohamia. Nyigu hupenda chini ya dashibodi, panya hupenda mahali penye sponji na nyaya, na kwenye nyasi ndefu usiingize mkono chini ya gari kabla ya kupitisha fimbo. Kisha lioshe. Najua kuosha gari lisilo na milango kunaonekana mchezo wa watoto, lakini huwezi kuosha kitu bila kukigusa kila mahali, na mkono ukigusa jicho huona. Mimi niliona ufa mdogo kwenye kiungo cha mkono wa chini wa kulia, ule wa chuma unaoshika gurudumu, ufa ambao nisingeuona nikiwa nimesimama mbali nikilaumu maisha.

Andika unachokiona tu. Usiandike mipango. Nusu saa inatosha, kisha funika uende zako. Ukitamani kuendelea, kataa. Hiyo tamaa baki nayo, ikule mpaka Jumamosi.

Hatua ya pili: itafute kazi iliyokukimbiza

Hapa ndipo penye kiini, kwa hiyo sitaharakisha.

Andika kazi zote zilizobaki, kila moja mstari wake, bila kuzipanga. Mimi zilifika arobaini na tatu. Halafu zisome kwa sauti. Utaona kuna mstari ambao sauti yako inaupita mbio, au unasema "hii nayo tutaona." Rudi kwenye mstari huo. Mara nyingi ndio wenyewe.

Wangu ulikuwa wayaringi, yaani kuunganisha nyaya za umeme. Kwa mwaka mzima nilikuwa nawaambia watu kwamba kinachonikwamisha ni pesa. Nikaliamini hata mimi. Ukweli ni kwamba nilipoitoa injini kwenye Kikumi lililogongwa nilikata nyaya zote kwa koleo bila kuweka alama hata moja, kwa sababu jua lilikuwa linazama na mwenye gereji alitaka kufunga. Nikazitia kwenye gunia. Gunia hilo ndilo lile alilolalia kuku. Kila nilipoliona, tumbo lilinikaza, nikakumbuka nina shughuli dukani.

Jirani yetu, mzee anayechomelea mageti, ndiye aliyenifichua. Nilimwambia, "Mzee, nikipata milioni moja hili gari naliwasha mwezi huo huo." Akacheka. "Mwanangu, juzi umenunua redio ya spika nne. Pesa unayo. Wewe unaogopa nyaya."

Kwa kawaida kilichokukimbiza huwa ni kimojawapo cha haya, na kila kimoja kina dawa yake. Ukikosea ugonjwa, dawa haitasaidia.

Kuna kutojua. Umefika mahali ambapo maarifa yako yameisha na unaona aibu kuuliza. Dawa ni kulipa fundi siku moja, si akufanyie, bali ufanye naye. Kuna kosa la zamani: ulichomelea kitu kikapinda, unajua kimepinda, na kila kazi mpya itajengwa juu yake. Hilo kata, uanze upya, leo. Kipande cha bomba na vijiti vichache vya kuchomelea ni bei ndogo ukilinganisha na mwaka wa kukwepa macho yako mwenyewe. Kuna nafasi: kila ukitaka kufanya kazi lazima kwanza uhamishe baiskeli, mahindi na matenki ya maji, na ukimaliza kuhamisha nguvu zimeisha. Watu hudharau hili, lakini nimeona gari limefufuka kwa sababu tu mtu alijenga kibanda cha mabati manne na kuweka rafu moja. Kuna pesa kweli, nitaisema chini. Na kuna hali ngumu zaidi, kwamba gari ulilokuwa unaliota si ulitakalo sasa. Ulilianza ukiwa kijana mseja, sasa una watoto watatu na gari la viti viwili. Hilo halitibiwi na spana, nitalirudia mwishoni.

Ikiwa umechoka mpaka chakula hakina ladha na rafiki zako huwataki, si gari tu, basi usijilaumu kwa ajili ya gari. Ongea na mtu, na nenda ukaonane na daktari.

Hatua ya tatu: okoa kilichopo

Kabla ya kujenga kitu kipya, zuia vilivyopo visife. Kazi hizi hazihitaji ari, zinahitaji mikono tu, na ndiyo sababu nazipenda kwa mtu anayerudi.

Injini iliyolala usiipige staata. Chomoa plagi zote nne, mimina kijiko cha mafuta safi ya injini kwenye kila tundu, acha ilale usiku mmoja. Kesho yake hakikisha gia iko huru, weka spana namba 19 kwenye boliti ya puli ya chini, uizungushe polepole kuelekea inakozunguka kawaida. Ikisimama, usilazimishe, ongeza mafuta, ngoja siku nyingine. Ikizunguka mizunguko miwili kamili bila kukwama, umepata habari njema ya mwezi. Siku utakapotaka kuiwasha, izungushe kwanza kwa staata bila plagi ili mafuta yale yaruke nje, na ukae mbali na matundu.

Betri ipime. Iliyojaa na kupumzika husoma takriban volti 12.6. Ikikaa chini ya 12 kwa miezi, sahani zake hushikwa na salfeti na haitakuwa tena ile uliyoinunua. Ukiitoa, anza na waya wa hasi. Uichaji kila mwezi, au uiazime kwa mtu mwenye sola atakayeitumia badala ya kuiacha ife.

Petroli iliyokaa mwaka hunuka kama vanishi. Imwage kwenye chombo cha chuma, mbali na sigara, jiko na grainda, na usidanganyike kuichanganya na mpya. Mafuta ya breki nayo hunyonya unyevu hewani, kwa hiyo kopo lililofunguliwa mwaka jana usilitumie, na mipira ya breki iliyopasuka ibadilishwe bila mjadala.

Kutu usiipake rangi juu. Isugue kwa brashi ya waya hadi chuma king'ae, ipake praima siku hiyo hiyo. Bomba za fremu ambazo ncha zake ziko wazi huchota maji ya mvua na kuoza kutoka ndani, zizibe. Na gari linyanyuliwe matairi yasiguse chini. Tumia stendi za chuma au magogo mazito, kamwe si tofali. Tofali halitoi taarifa, hupasuka tu.

Kama fremu yako ina injini yenye kompyuta, kama hii ya Kikumi, ondoa waya za betri na uchomoe kompyuta yenyewe kabla ya kuchomelea popote. Rafiki yangu aliokoa dakika tano kwa kutochomoa, akanunua kompyuta nyingine.

Hatua ya nne: katakata kazi hadi iwe ndogo ya kuchekesha

Sasa irudie ile kazi iliyokukimbiza. Kosa letu ni kuiandika kama mlima. Mimi niliandika "wayaringi." Nani ataamka Jumamosi afanye wayaringi? Hiyo si kazi, ni kifungo cha miaka.

Kanuni yangu: mstari kwenye daftari uwe na kitendo kimoja, kitu kimoja, na kifaa kilichotajwa, na uishe ndani ya robo saa. Kwa hiyo ukurasa wangu ulibadilika ukawa hivi: mwaga gunia kwenye mkeka. Tenga nyaya zenye soketi nzima na zisizo na soketi. Tafuta nyaya zote nyeupe zenye mstari mweusi, zifunge pamoja kwa tepu.

Huo mstari wa tatu ndio ulionifungua. Kwenye Toyota, waya mweupe wenye mstari mweusi ni wa ethi, yaani unakwenda kwenye mwili wa gari. Fundi umeme wa pale stendi aliniambia hivyo kwa sentensi moja huku akila chapati. Nilirudi nyumbani, nikakaa mkekani na binti yangu wa miaka tisa, tukazichambua kama mtu anayechambua mchele. Mojawapo nikaipima kwa mita ya umeme kutoka soketi hadi ncha, mita ikalia. Nyingine, ikalia. Nilipoinua macho gunia lilikuwa limepungua kiasi cha kuonekana, na sauti ya ile mita ilikuwa imenikaa masikioni kama wimbo.

Baada ya hapo nilikwenda saketi moja kwa moja. Betri hadi fyuzi kuu. Fyuzi kuu hadi swichi. Swichi hadi staata. Kila saketi ikikamilika naijaribu kwa taa ndogo, naandika tarehe, naweka kibandiko kwenye kila ncha. Sikugusa ya taa za mbele mpaka ya staata ilipokubali. Ilinichukua miezi mitatu ya Jumamosi, na katika miezi hiyo sikumbuki siku niliyojilazimisha.

Jambo moja dogo lenye nguvu: usimalize kazi ya siku kwenye kituo safi. Acha boliti moja haijakazwa, na spana yake ikiwa imelala juu yake. Kesho hutajiuliza uanzie wapi. (Breki na usukani ziwe nje ya ujanja huu. Huko maliza, kaza, weka alama ya rangi.)

Hatua ya tano: lete mbele kazi yenye sauti

Gari hujengwa kwa mpangilio, lakini mpangilio haukuletwa na Musa. Ikiwa unaweza kuiwasha injini kabla ya kumaliza bodi, iwashe. Ikiwa unaweza kuvika matairi ili lisukumike, livike, hata kama utayavua tena. Kupaka rangi mlango wa gari ambalo halijawahi kunguruma ndiyo njia ya haraka ya kulichukia.

Mimi niliileta mbele siku ya kuwasha. Nilisimamisha chupa ya petroli mbali na moto, pampu, betri iliyochajiwa, ndoo ya mchanga na kizima moto pembeni, na radieta ikiwa imefungwa kwa kamba za katani. Ilikataa mara nne. Nikagundua waya wa ethi wa injini niliufunga juu ya rangi. Nikasugua rangi, nikakaza. Mara ya tano iliwaka, bila ekzosi, mbwa wa mtaa mzima wakajibu. Mama watoto alitoka jikoni na mwiko mkononi, akasimama, hakusema kitu. Jioni ile ndiyo aliniuliza kwa mara ya kwanza kiti chake kitakuwa upande gani.

Pesa, na safari ya Kisekka

Weka kiasi cha mwezi ambacho hakiumizi nyumba, kiwe kwenye laini yako ya simu ya pili, na kikiisha kimeisha. Mimi ni shilingi 60,000. Mwezi usio na ununuzi si mwezi uliokufa. Una kazi za kusugua, kupima na kuchora.

Kwa sisi wa mikoani, safari ya Kampala inameza nauli na siku nzima, kwa hiyo usiende Kisekka, soko la vipuri vya magari kule, na kitu kimoja kichwani. Kusanya orodha, na beba kile kipande kikuukuu mkononi. Picha ya simu haitoshi. Niliwahi kununua nyaya za gia kwa picha, nikarudi Tororo nikakuta hazifiki nyuma kwenye injini kwa urefu wa mkono mzima. Zilikuwa nyaya sahihi kabisa za Kikumi. Gari langu ndilo lisilo Kikumi tena. Nilipaswa kupima kwa kamba kutoka kwenye mshiko wa gia hadi kwenye boksi, kisha kwenda na kamba hiyo. Kwa vitu vya kutengenezwa, kama vishikizo na bomba za kupinda, mafundi vyuma wa Katwe, huko huko Kampala, watakutolea kutoka kwenye mchoro wa boksi la katoni ukiwa na vipimo.

Usinunue vinavyong'aa wakati moyo uko chini. Ile redio ya spika nne bado iko kwenye boksi lake.

Mvua, giza na watu

Kazi zipange kwa majira. Mvua za Machi hadi Mei, na zile zinazorudi kuanzia Agosti au Septemba, si za kupaka rangi wala kuchomelea nje. Hizo ni za kuchambua nyaya, kusafisha kabureta, kama injini yako inayo, na kufungua alternata mezani. Rangi ingoje Desemba na Januari, na umwagie maji ardhi kwanza vumbi lilale. Umeme nao ukikatika usiwe sababu ya kwenda kulala; weka ukurasa wa kazi zisizohitaji soketi.

Kuhusu kujilinganisha, nitasema kidogo. Mwaka 2011 Chuo Kikuu cha Makerere kilitoa Kiira EV, gari la umeme la viti viwili. Mwaka 2014 likaja gari la Kiira EV Smack, na mwaka 2016 basi la Kayoola lenye sola. Vijana wengi walianza kukata vyuma baada ya kuona hayo, na wengi wakavunjika moyo baada ya miezi sita. Hapo kulikuwa na wahandisi, wanafunzi na fedha za serikali, na bado miaka ilipita kati ya hatua na hatua. Wewe una Jumamosi. Ukitaka kupata moto, nenda Busika, kwenye uwanja wa mbio za magari, siku ya mashindano, usimame karibu na mafundi, si karibu na madereva. Utaona watu wakifunga bampa kwa waya wa kufungia miti ya ujenzi, na magari yao yanakimbia.

Tafuta mtu mmoja wa kumwonyesha kila wiki. Mmoja tu, asiye mpiga kelele. Wangu ni yule mzee wa mageti. Hanisifu. Huja, huinama, husema "hapa hapajakaa," huondoka.

Ikiwa jibu ni kuliacha

Wahenga walisema kuvunjika kwa koleo si mwisho wa uhunzi, lakini hawakusema lazima mhunzi amalize kila jembe. Kama umefanya hatua mbili za kwanza kwa uaminifu na ukagundua hulitaki, liuze likiwa limeoshwa, nyaya zikiwa na vibandiko na boliti zikiwa kwenye makopo yenye majina. Gari la namna hiyo hupata mtu. Lililo kwenye gunia hupata mnunuzi wa vyuma chakavu, kwa kilo. Na lolote ufanyalo, usikate wala kutupa kipande chenye namba ya chesisi, na karatasi zake zikae pamoja nacho.

Mimi sijaliacha. Kuku alihamishiwa kwenye beseni, akatotoa vifaranga watano. Daftari liko wazi juu ya tanki la maji, na mstari wa Jumamosi hii unasema: toa hewa kwenye bomba ndefu za radieta, upande wa kulia kwanza. Spana 10, ndoo, mtu wa kushika tochi.